Midomo Kwanza: Kutoka Buruji ya Kambini hadi Beni ya Lamu

Zuhura: Masalkheri, msikilizaji. Leo hatuna mgeni. Tunaye Ami Bakari, mwenzangu wa kila wiki na mpulizaji wa beni, ngoma ya harusi ya pwani yenye tarumbeta, ambaye mimi nikisema yeye vidole vyake vyabonyeza meza, moja-mbili-tatu. Leo atueleze anabonyeza nini.

Ami Bakari: Na washanisema yote! (*kicheko*)

Zuhura: Ulianzia wapi?

Ami Bakari: Buruji, jeshini. Buruji haina vali hata moja, zile pampu za kubonyeza kwa vidole, mwanangu. Ni mrija wa shaba uliokunjwa, basi. Kazi ni ya midomo: ukiibana sauti yapanda, ukiilegeza yashuka. Miito ya kambi, wa kuamka, wa kula, wa kulala, yote ni sauti tano tu. Aliyetufunza hakutuacha tuguse tarumbeta mpaka tuzipate hizo tano, safi, alfajiri, tumbo tupu.

Zuhura: Kisha tarumbeta.

Ami Bakari: Vali tatu, ndizo hizo moja-mbili-tatu ninazobonyeza mezani. Ya kwanza yashusha sauti nzima, ya pili nusu, ya tatu moja na nusu. Hapo ndipo nota na gwaride, hatua 116 hadi 120 kwa dakika. Bendi ya jeshi haitaki usikike peke yako.

Zuhura: Ukarudi Lamu mjuzi.

Ami Bakari: Nilirudi na nota zangu ndani ya bahasha, na kwenye beni hapana aliyeziuliza. Mwimbaji atunga papo hapo: amtaja bwana harusi, amtaja mjombake, arusha kijembe mtaa wa pili, na wewe wamjibu kabla ngoma haijazunguka. Wenzangu wa jeshi wanikasirikie wakitaka, beni ni ngumu kuliko gwaride.

Zuhura: Lakini si beni ndiyo iliyoiga jeshi?

Ami Bakari: Iliiga, miaka ya 1890 huko, na magwanda na vyeo juu. Watu wa pwani wakajipa ufalme na ujenerali! Kisha vita vya 1914 hadi 1918 vikachukua askari na wapagazi, nao wakaipeleka bara hadi Nyasaland, Malawi ya leo. Hapa Lamu mitaa miwili, Mkomani na Langoni, ilishindana, karamu kwa karamu, mpaka watu wakaingia madeni.

Zuhura: Na shaba si ngeni Lamu. Ile siwa ya makumbusho, baragumu kubwa la kale...

Ami Bakari: Ya Lamu ni shaba, ya Pate ni pembe za ndovu. Zote zapulizwa ubavuni, vali hakuna. Waliozipuliza walikuwa na midomo, wale.

Zuhura: Chumvi ya hapa haili chombo?

Ami Bakari: Yala, na jasho la mkono pia. Harusi ikiisha namwaga mate, naosha mirija kwa maji vuguvugu, vali natia tone la mafuta ya cherehani. Vijana wakipuuza, vali yawashikia katikati ya uchochoro, na nyuma kuna tromboni, yenye mrija mrefu wa kusukuma mbele na kuvuta nyuma. Uchochoro wa Lamu na tromboni havipatani kabisa. Ukiwa mbele, chunga kisogo.

Zuhura: Mbona siku hizi nakuona na besi, ile shaba kubwa ya sauti nzito?

Ami Bakari: Meno mawili ya mbele yamekwenda. Tarumbeta yataka meno nyuma ya mdomo. Besi ina kinywa kipana, yasamehe. Tarumbeta nimewaachia vijana. Nawaanzisha bila chombo, midomo tu.

Zuhura: Nifunze.

Ami Bakari: Bana pembeni, katikati legeza. Pumzi ya tumboni.

Zuhura: Prrrrff!

Ami Bakari: Huyo ni punda wa gatini. Tena, na mashavu usiyajaze.