Ndege Ikichemsha, Anza na Njia ya Hewa

Ndugu zangu mafundi, karibuni. Injini ya ndege inayopozwa kwa maji ikianza kuchemsha, wengi hukimbilia rejeta kubwa zaidi. Nawasihi msianzie huko. Mara nyingi rejeta inatosha, ila hewa haipiti ndani yake.

Uwanja wetu wa ndege wa Arusha uko kwenye mita 1,387 hivi. Mchana wa nyuzi 30, hewa hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 20 kuliko ile ya vipimo vya kiwandani, yaani usawa wa bahari na nyuzi 15. Maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 tu. Mfuniko wa rejeta ndio unaobana presha ili maji yasichemke mapema, kwa hiyo wenye springi iliyolegea ubadilishwe leo, si kesho.

Mdomo wa kuingizia hewa uwe robo hadi theluthi ya uso wa rejeta, kisha njia ipanuke taratibu. Ikipanuka ghafla, hewa huachana na kuta na kuzunguka bure. Zibeni kingo zote nne kwa sponji inayovumilia joto, maana hewa ikipata upenyo wa pembeni haihangaiki na mapezi, yale mabati membamba ya rejeta yanayotoa joto.

Sasa pimeni. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ukunje uwe U, utie maji ya rangi. Ncha moja iweke mbele ya rejeta, nyingine iunge na bomba la stetiki la geji ya mwendo, yaani lile la presha ya hewa tulivu. Soma tofauti ya urefu wa maji kati ya pande mbili za U. Geji ikisoma kilomita 130 kwa saa, presha yote ya upepo ni milimita 81 za maji. Ukipata 60 na zaidi, mdomo unafanya kazi. Hamishia ncha ile nyuma ya rejeta. Ukikuta 50, hewa haina pa kutokea: panua tundu la nyuma, au funga kibao kinachoinama ukingoni ili kivute hewa nje. Hili huumiza zaidi wakati wa kupaa, injini ikiwa nguvu zote na mwendo mdogo.

Halafu kuna hewa inayonaswa ndani ya maji. Tangi la akiba liwe juu ya vyote, na kila sehemu ya juu ya njia ya maji itoe mpira wa milimita 6 kwenda humo. Sensa ya joto ikibaki kwenye mvuke, geji hushuka huku silinda hedi inaungua. Basi fungeni sensa ya pili kwenye chuma chenyewe cha hedi.