Uhuru wa Samoa kwa Aliyekuwa Mtawala

Ndugu zangu, nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: Wasamoa wa Auckland, New Zealand, wanapoadhimisha uhuru wao, wanauadhimishia katika nchi ileile iliyowatawala. Samoa, nchi ya visiwa katika Pasifiki, ilijitoa mikononi mwa New Zealand tarehe 1 Januari 1962, siku 23 tu baada ya Tanganyika kuwa huru. Nayo, kama Tanganyika, ilianzia kwa Mjerumani. Sherehe hufanywa Juni, maana Januari kwao ni msimu wa mvua.

Sherehe zenyewe nazipenda. Bendera inapandishwa, kwaya za makanisa zinaimba, vijana wanacheza siva, ngoma ya Kisamoa, na magimbi yanaokwa kwa mawe ya moto, majani yake yakifungiwa tui la nazi. Lakini mtoto akirudi nyumbani ameshiba bila kusikia habari za tarehe 28 Desemba 1929, huyo amepewa karamu akanyimwa historia.

Jumamosi hiyo watu wa Mau, vuguvugu la Wasamoa waliopinga utawala wa New Zealand, waliandamana kwa amani mjini Apia, mji mkuu wa Samoa. Mavazi yao yalikuwa lavalava, yaani shuka ya kujifunga kiunoni, ya buluu yenye mstari mweupe, vazi ambalo serikali baadaye ililipiga marufuku. Polisi wakataka kumkamata mmoja wao, vurugu zikazuka, risasi zikaanza kulia, na bunduki ya rashasha nayo ikafyatuliwa kutoka kituo cha polisi. Chifu Tupua Tamasese Lealofi III akajitokeza kuwasihi watu wake watulie. Wakampiga risasi yeye! Kabla ya kukata roho kesho yake, aliwausia wasimlipizie kisasi.

Kuna atakayeuliza: kama wanapenda uhuru, mbona wanaishi kwa mtawala wao? Swali hili linanikera. Viwanda vya New Zealand vilihitaji wafanyakazi, wakakaribishwa. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1970, polisi wakawa wanawavamia majumbani alfajiri kukagua viza. Radhi ilikuja 2021, waziri mkuu Jacinda Ardern akafunikwa mkeka mbele ya watu, kama ifoga, desturi ya Kisamoa ya kuomba radhi, inavyotaka.

Muda unanibana, la uraia nalitaja tu. Mwaka 1982 mahakama ya juu ya rufaa mjini London iliamua kwamba Wasamoa waliozaliwa kati ya 1924 na 1948 ni raia wa New Zealand. Mwaka huohuo bunge la New Zealand mjini Wellington likawavua uraia huo. Njia ya kuurudisha ilifunguliwa 2024, wao wakiwa vikongwe. Juni ijayo, hao ndio wa kuketishwa mstari wa mbele.