Kutoka mawe ya volkano kwenda mawe ya chokaa: mhadhara kwa watembezi wa Goma

Mabibi na mabwana, karibuni. Sisi wa Goma tunakanyaga mawe ya volkano tangu utotoni, ndiyo maana tukifika kwenye hifadhi ya mawe ya chokaa, kama ile ya Mlima Hoyo kule Ituri, miguu inatudanganya. Jiwe la volkano yetu ya Nyiragongo linakwaruza. Hata likilowa linashika soli. Jiwe la chokaa, pale watu wanapopita sana, linasuguliwa mpaka linang'aa, na likilowa ni sabuni. Vaeni bote zenye meno, hatua fupi, wayo mzima chini. Kwenye mteremko msiegemee nyuma, maana kisigino ndicho kinachoteleza kwanza.

Mkitaka kulitambua jiwe, okoteni kipande barabarani, kikwaruzeni kwa msumari, dondosheni ndimu juu ya ule unga. Chokaa itatoa mapovu. Jiwe la volkano litanyamaza. Ila jamani, si kwenye nguzo za pangoni!

Mapango yetu ya volkano ni njia za lava: juu iliganda, chini ikaendelea kutiririka, ilipokwisha tundu likabaki. Pango la chokaa linachimbwa na mvua. Maji yakipita udongoni yanabeba kaboni dioksidi, yanakuwa na ukali kidogo, yanakula jiwe kwenye nyufa. Yakidondoka pangoni, hewa ile inatoka na chokaa inaganda darini na kujenga nguzo, mara nyingi chini ya milimita 1 kwa mwaka mzima. Ukishika nguzo hiyo, mafuta ya kiganja yanazuia chokaa kuganda tena hapo, na uchafu unabaki. Kwa hiyo mikono mbali.

Kaboni dioksidi hiyo hiyo ndiyo mazuku yetu, ile hewa ya kuua inayotoka ardhini. Ni nzito, inalala chini, na hata pango la chokaa lisilopitisha upepo linaweza kuwa nayo kwenye mashimo. Mtu akianza kuhema na kichwa kumuuma, pandeni juu papo hapo, mjadala baadaye.

Popo nao wana mambo yao. Katika mgodi wa Durba, kaskazini mashariki mwa nchi yetu ya Kongo, homa ya Marburg iliua wachimbaji kati ya 1998 na 2000, na popo wa matunda wanaolala mapangoni hubeba virusi hivyo. Mkiona kundi lao, ishieni mlangoni.

Kofia ngumu, na kila mtu taa 3, moja kichwani. Simu si taa. Bebeni maji kutoka nyumbani, angalau lita 2: chemchemi ya chokaa inapita kwenye nyufa bila kuchujwa, hivyo hata maji yanayoonekana safi yanaweza kuwa machafu.

Usalama wa barabara ulizeni kwanza ofisi ya ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi. Mkifika, muulizeni kiongozi kama mvua imenyesha mlimani. Hata kwenye jua kali, maji ya huko juu yanaweza kujaza pango ghafla. Akisema leo hatuingii, tembeeni njia ya nje tu.