Dinosaria hawarudi. Na kifaru wa Garamba?

FURAHA: Karibuni tena, tuko Bukavu. Kaka Bahati, vijana wa Kadutu wametuuliza juu ya zile filamu za dinosaria: mbu ananyonya damu ya dinosaria, ananaswa ndani ya kaharabu, yaani utomvu wa mti uliogeuka kama jiwe, mtaalamu anaifyonza ile damu na mnyama anazaliwa. Inawezekana kweli?

BAHATI: Hapana, Dada. Vinasaba, yaani DNA, vinaoza. Mwaka 2012 watafiti walipima mifupa ya moa, ndege mkubwa wa New Zealand aliyekwisha kutoweka. Walikuta nusu ya viungo vya vinasaba hukatika kila miaka 521 hivi. Na dinosaria wameisha tangu miaka milioni 66.

FURAHA: Hata penye barafu?

BAHATI: Baridi inachelewesha tu. Vinasaba vilivyopatikana kwenye udongo wa Greenland vina miaka kama milioni 2, na ni vipandevipande.

FURAHA: Ila kwenye filamu mapengo wanayaziba kwa vinasaba vya chura.

BAHATI: Hapo ndipo nakataa kabisa! Ukiziba hivyo umetengeneza mnyama mwingine. Mwaka 2025 kampuni ya Marekani, Colossal, ilitangaza kwamba imerudisha mbwamwitu wa kale. Walichofanya ni mabadiliko 20 kwenye jeni 14 za mbwamwitu wa kijivu. Kazi kubwa, sawa, lakini kwangu huyo bado ni mbwamwitu wa kijivu.

FURAHA: Kwa hiyo hakuna aliyewahi kurudi?

BAHATI: Yuko mmoja, kwa dakika chache. Bucardo, mbuzi mwitu wa milima ya Pyrenees huko Hispania. Wa mwisho, Celia, aliangukiwa na mti Januari 2000. Bahati nzuri walikuwa wameshachukua ngozi ya sikio lake na kuigandisha. Mwaka 2003 mbuzi chotara akazaa kloni yake, yaani nakala ya Celia. Kitoto kilitoka hai, kikahangaika kutafuta pumzi, kikafa. Walipompasua wakakuta pafu lina pande la ziada, gumu kama ini.

FURAHA: Maskini. Na filamu hazimwonyeshi yule mama aliyebeba mimba, zinaonyesha mashine tu. Mimi kinachoniuma ni kifaru mweupe wa kaskazini. Huyu alikuwa wa kwetu! Kundi la mwisho porini lilikuwa kwenye hifadhi ya Garamba, hapa hapa Kongo, wakamalizwa kwa ajili ya pembe. Sudan, dume la mwisho, alifia Kenya Machi 2018. Wamebaki majike wawili, Najin na bintiye Fatu, na hakuna anayeweza kubeba mimba.

BAHATI: Lakini mayai ya Fatu yametungishwa maabara kwa mbegu za madume waliokufa. Viinitete vimegandishwa, na wa kuvibeba ni kifaru wa kusini. Hapo hatuhitaji chura, Dada. Vinasaba ni vya kifaru wa kaskazini mwenyewe.

FURAHA: Na akizaliwa, apelekwe wapi? Wenye bunduki bado wapo.

BAHATI: Mwaka 2023 Garamba ilipokea vifaru weupe 16 wa kusini kutoka Afrika Kusini. Kama walinzi wataweza kuwatunza hao, basi nyumba ipo.

FURAHA: Basi vijana wa Kadutu, hilo ndilo la kufuatilia: hao 16.