Msiudharau Mlima kwa Ufupi Wake

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, ndugu wanamichezo, nanyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoroka mapema, nashukuru kwa kualikwa tena. Nimeombwa nizungumzie mambo manne kuhusu mbio za milimani kule Wales katika majira ya machipuko: hali ya hewa na vifaa, namna ya kushuka, uhusiano wetu na wenye mashamba, na matumizi ya ramani. Wanaonifahamu wanajua kwamba la kwanza litakula muda wa mengine yote, na sina nia ya kujitetea.

Kila ninaposimama mbele ya watu wetu wanaoishi Uingereza, swali la kwanza ni lile lile: huo mlima una urefu gani? Nami hujibu kwamba ule mrefu kuliko yote Wales, Yr Wyddfa, ambao wengi bado wanauita Snowdon, una mita 1,085. Hapo ukumbi huangua kicheko. Mtu wa Nairobi hunikumbusha kwamba mjini kwao ni karibu mita 1,800, mtu wa Iten husema yeye hunywa chai ya asubuhi kwenye mita 2,400, na Mchaga hajisumbui hata kufungua mdomo, anatabasamu tu. Chekeni mmalize, kisha mnisikilize, kwa sababu kicheko hicho ndicho kinachowafikisha vijana wetu mgongoni mwa mlima wakiwa na fulana na kaptula.

Urefu wa mlima huathiri hewa unayovuta, na kwa mapafu yaliyokulia Iten kilele cha Yr Wyddfa ni sawa na bondeni. Hilo nalikubali bila ubishi. Lakini milima ile haijawahi kumuua mtu kwa uhaba wa hewa. Huua kwa maji na upepo, na hasa vikimkuta mtu kwa pamoja. Eneo la Eryri, kaskazini magharibi mwa Wales, liko jirani kabisa na bahari, na pepo za magharibi zinazotoka Atlantiki zikiwa zimesheheni unyevu hulazimika kupanda juu ya milima hiyo na kumwaga mzigo wake hapo hapo. Crib Goch, ule mgongo mwembamba ulio ubavuni mwa Yr Wyddfa, hupata zaidi ya milimita 4,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Dar es Salaam, ambayo sisi tunaiona ni mji wa mvua, hupata kama 1,100.

Sasa chukueni siku nzuri ya mwezi wa Aprili. Bondeni Llanberis, mji ulio chini ya Yr Wyddfa, ni nyuzi 12, jua linawaka, watu wamekaa nje wanakunywa kahawa. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kileleni ni nyuzi 6 hivi. Ongeza upepo wa kilomita 60 kwa saa, ambao kule juu si habari ya kuandika gazetini, na mwili utaipokea hali hiyo kana kwamba ni nyuzi sifuri. Na hiyo ni hesabu ya ngozi kavu, wakati mkimbiaji aliyetoka kupanda kwa dakika 40 amelowa jasho kuanzia kisogoni hadi kiunoni, hata kabla ya tone la kwanza la mvua. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi inayokaribia mara 25 ya hewa. Hesabu iliyobaki mtaimaliza wenyewe.

Najua kuna anayetaka kunijibu kwamba mkimbiaji hutoa joto lake mwenyewe. Ni kweli, mradi anakimbia. Mkimbiaji ni jiko la mkaa linalopulizwa, na ukiacha kupuliza halichukui muda kufa. Unapopanda mahali pakali huwezi kukimbia. Unatembea umeinama, viganja vimekandamiza mapaja. Ukiteguka kifundo cha mguu, unakaa chini kabisa. Ukipotea ndani ya ukungu, unasimama kushangaa huku na huku. Dakika 10 za namna hiyo zinatosha kumbadilisha mtu hodari akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, na hiyo ndiyo dalili ya kutisha, kwa sababu mwenyewe hajui kwamba haeleweki.

Kwa nini nasisitiza majira ya machipuko, wakati majira ya baridi yapo? Kwa sababu Januari kila mtu anaogopa, na mwoga hufunga mzigo wake vizuri. Machipuko hudanganya. Saa zimeshasogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, jioni zimekuwa ndefu, maua ya manjano yamejaa kando ya barabara na wana-kondoo wanarukaruka malishoni. Juu, kwenye makorongo yanayotazama kaskazini ya Glyderau na Carneddau, safu za milima jirani na Yr Wyddfa, theluji bado inaweza kuwa imelala hadi Aprili. Tena bahari haifuati kalenda ya maua: maji yake huwa ya baridi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka karibu na mwezi Machi, kwa hiyo upepo unaopita juu yake huja na ubaridi huo. Ilikuwa mwezi wa Aprili, mwaka 2012, mkimbiaji mmoja alipofariki kwa mwili kupoteza joto katika mbio za milima ya Lake District, kaskazini mwa Uingereza, siku ambayo wenzake walikuwa wameshamaliza na kurudi makwao. Tangu hapo uhesabuji wa wakimbiaji katika mbio hizi, Wales ikiwemo, umetiliwa mkazo sana. Ukijitoa njiani, kosa lisilosameheka ni kupanda gari na kwenda nyumbani bila kwanza kuripoti pale mbio zinapomalizikia, maana kuna watu watakaokesha mlimani wakikutafuta.

Nije kwenye kisa ambacho baadhi yenu mmekisikia. Wasiokisikia wavumilie waliokisikia. Kijana mmoja wa kwetu, ambaye simtaji jina kwa kuwa mama yake huhudhuria mikutano yetu, alijiandikisha katika mbio moja ya Aprili. Barabarani kijana yule hana mpinzani. Usajili ulifanyika katika ukumbi wa kijiji, na mezani alikaa mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, kazi yake ikiwa kukagua vifaa: koti na suruali visivyopitisha maji, kofia, glavu, ramani, dira, filimbi na chakula cha dharura. Mama yule hakutazama koti kwa nje. Aligeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba polepole juu ya mishono, akitafuta ule utepe uliogandishwa unaozuia maji kupenya matundu ya sindano. Katika koti la kijana wetu hakukuwa na utepe. Lilikuwa koti la upepo tu, jepesi, la rangi nzuri, la kupigia picha.

Ubishi ukaanza. Kijana akaonesha dirishani: jua. Mama akatikisa kichwa. Kijana akasema amelipa kiingilio. Mama akasema atarudishiwa. Mwishowe mama akatoka hadi garini kwake akarudi na koti la mume wake, kubwa mno, akamkabidhi pamoja na maelekezo kwamba alirudishe likiwa safi. Kijana akalipokea kwa uso uliokunjamana, akalifunga kiunoni kwa mikono ya koti lenyewe, fundo mbele, kama mtoto anayetoka shule.

Mimi nilikuwa kituo cha juu siku ile, nikisaidia kuandika namba za wanaopita, kwa penseli, kwa sababu kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi iliyolowa. Kijana wetu aliongoza wakati wote wa kupanda. Alipofika mgongoni wingu lilikuwa limeshashuka, na mvua ya mawe ikawa inakuja ubavuni, haitoki juu. Hakuvaa koti. Alijiambia atalivaa akivuka kilele. Alipovuka kilele akataka kulivaa, na hapo ndipo alipogundua jambo ambalo hakuna shajara ya mazoezi inayolifundisha: vidole vilikuwa haviwezi tena kufungua fundo. Mikono ya koti ilikuwa imelowa na kujikaza, na yeye akawa anaipapasa kana kwamba viganja ni vya mtu mwingine. Amebeba koti zuri kabisa, limemzunguka kiuno, na anatetemeka kwa kukosa koti.

Aliyemwokoa ni mzee mwenye ndevu nyeupe aliyekuwa mbali nyuma yake. Mzee alisimama bila kuuliza lolote, akapiga magoti kwenye matope, akalifungua lile fundo kwa meno, akamvisha, akamfunika kofia ya koti, akamtia pipi mdomoni, akamshika mkono hadi kituoni kwetu. Wakimbiaji zaidi ya 20 walimpita mzee yule huku akifanya hivyo, na hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa katika mbio hizi mtu akiwa hatarini mashindano yako wewe yamesimama.

Kwa hiyo nasema, na nitaendelea kusema hadi mnichoke: koti huvaliwa kabla ya kufika mgongoni, mwili ukiwa bado moto na vidole vikiwa bado vyako. Halifungwi kiunoni; linakaa juu kabisa ndani ya mkoba, na zipu ya mkoba ifungwe kamba ndefu inayoweza kuvutwa kwa meno. Glavu zivaliwe mikono ikiwa mikavu, kwa sababu mkono uliolowa hauingii kwenye glavu ya ukubwa wake. Msiniambie habari ya kupoteza sekunde 30. Kijana wetu alizihifadhi sekunde 30 zake na hakumaliza mbio.

Naona mwenyekiti ameanza kutazama saa, basi nikimbilie kushuka. Sisi tunapenda kupanda. Wenyeji wa kule wanashinda kwa kushuka. Katika mbio za kimataifa za Snowdon, zinazoanzia na kuishia Llanberis, mkimbiaji Kenny Stuart aliweka rekodi ya saa 1, dakika 2 na sekunde 29 mwaka 1985, na rekodi hiyo imewashinda wanaume wa miongo kadhaa iliyofuata. Katika muda huo, kupanda kulichukua takribani dakika 40 na kushuka dakika 20 na kitu tu. Najua mtanitajia mwaka 2015, mashindano ya dunia ya mbio za milimani yalipofanyika Betws-y-Coed, huko huko Wales, Waganda wawili kutoka miteremko ya Elgon, Fred Musobo na Stella Chesang, wakatwaa ubingwa wa wanaume na wanawake. Nilifurahi kama nyinyi, na Chesang akaja kutwaa dhahabu ya mita 10,000 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018. Lakini ile ilikuwa Septemba, kwenye njia iliyowekewa alama mwanzo hadi mwisho. Msiichukue mkaenda nayo Blaenau Ffestiniog katika mbio za Moelwyn, zinazofanyika Aprili na kupita kwenye machimbo ya zamani, ambako vigae vya mawe vilivyolowa huteleza kuliko sabuni. Hatua fupi, macho mbele hatua tatu au nne, mikono iachieni. Viatu viwe vya meno marefu. Viatu vya barabarani vibaki nyumbani.

Wenye mashamba. Machi hadi Mei ndio wakati wa kondoo kuzaa, na mbio nyingi huanzia katika malisho yale yale ambamo wana-kondoo wanajifunza kusimama. Kondoo wa milima ile wengi hawazuiwi na uzio. Kila kundi linaijua sehemu yake ya mlima, na mwana hujifunza mipaka hiyo kwa kumfuata mama yake, kwa hiyo ukiwatawanya katika wiki zile unaharibu zaidi ya unavyodhani. Wapiteni kwa mbali, wala msimkate mama na mwanawe. Geti mlilolikuta limefungwa lifungeni, na mlilolikuta wazi liacheni wazi. Mbwa abaki nyumbani. Waandaaji huomba ruhusa kwa wakulima hawa mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia Uingereza mwezi Februari, milima ilifungwa na mbio za majira yale zikafutwa moja baada ya nyingine. Anayedhani mlima ni wa wakimbiaji akawaulize waliokuwepo mwaka ule.

Ramani siifikii leo. Jueni tu kwamba katika mbio nyingi kati ya kituo na kituo hakuna bendera wala utepe, njia unaichagua mwenyewe, na kumfuata aliye mbele yako si kusoma ramani, kwa sababu huenda naye anamfuata mtu.

Kabla ya maswali, kuna ndoo pale mezani yenye maji na barafu, na pembeni yake kuna koti, mkoba na jozi ya glavu. Yeyote ambaye bado anacheka zile mita 1,085 aje atumbukize mikono humo kwa dakika 3, kisha avae koti na kufunga zipu mbele yetu sote. Vijana wa mlangoni, tuanze na nyinyi.