Mchakamchaka si adhabu: mhadhara kwa walimu na wazazi, Ngamiani, Tanga

Walimu wenzangu, wazazi, na nyie wanangu mlioketi huko nyuma, asalaam aleikum, habari za jioni.

Nianze na wale wa chini ya mwembe. Kila shule niliyopita inao. Kipindi cha michezo kikifika, wenye vipaji wanakimbilia mpira maana UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, imekaribia. Waliobaki wanashikishwa viatu vya wenzao. Nimefundisha michezo miaka mingi, na hao niliwaacha hapo kivulini. Leo nimekuja kuwasemea, maana kukaa huko kunaweza kuwakaribishia kisukari.

Kisukari cha aina ya pili huanza kimyakimya. Insulini, homoni ya kongosho inayoifungulia sukari mlango wa kuingia kwenye seli, ipo, ila mwili unaanza kuipuuza. Kijana anapobalehe, homoni za kukua huzidisha hali hiyo, na kongosho hujibu kwa kutoa insulini zaidi. Wengi huvuka salama. Lakini aliyenenepa kiunoni, ambaye kwao kisukari kipo, na anashinda amekaa, kongosho lake linaelemewa.

Sasa sikieni habari za msuli. Msuli ukifanya kazi, huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kungoja insulini. Na saa nyingi baadaye msuli huo unaitii insulini vizuri zaidi. Wala hauulizi kama wewe ni fundi wa mpira. Binti wa chini ya mwembe akiruka kamba, akicheza rede, msuli wake umefanya kazi ileile ya mshambuliaji.

Shirika la Afya Duniani linataka wenye miaka 5 hadi 17 wapate mazoezi ya kutoa jasho kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Sisi tulikuwa na mchakamchaka alfajiri, kisha mguu au baiskeli. Siku hizi bodaboda humshusha mtoto getini, na hapo getini pana soda: mililita 300, vijiko vya chai kama vinane vya sukari. Na machungwa ya Muheza yako jirani tu!

Marekani walijaribu katika shule 42, kati ya 2006 na 2009. Nusu yake zikabadilisha chakula na vipindi vya mazoezi. Jumla ya wenye uzito uliozidi haikutofautiana na shule nyingine. Hata hivyo, katika shule zilizobadilika insulini ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa chini zaidi, dalili kwamba kongosho limepunguziwa mzigo, na idadi ya wenye viuno vinene ilipungua zaidi. Kwa hiyo tusiuhukumu mpango kwa mizani peke yake.

Ombi langu kubwa ni kwenu walimu. Acheni kumrusha mtoto kichura kwa sababu kachelewa. Tumewafundisha kwamba jasho ni adhabu, halafu tunashangaa wakilikimbia. Na mabinti waachiwe suruali na mtandio mwepesi. Wengi wanakaa pembeni kwa kuona haya ya sketi kupeperuka.

Jumatatu, kabla ya paredi, dakika 20. Walimu mbele, nyimbo ziimbwe, anayeshindwa kukimbia atembee, na viatu kila mtu avae vyake. Mwalimu wa zamu, filimbi unayo?