Delhi, Jaipur na Agra kwa siku sita: anza kuhesabu kutoka Ijumaa

MWANAIDI: Karibuni sana. Leo tunapanga safari fupi ya miji mitatu ya kale kaskazini mwa India: Delhi, Jaipur na Agra. Wengi wetu tunakwenda India kwa matibabu, masomo au kufuata mzigo, na shughuli ikiisha zinabaki siku chache mkononi. Kaka Baraka, mtu mwenye siku sita anaanzia wapi?

BARAKA: Anaanzia kwenye kalenda, dada Mwanaidi. Taj Mahal inafungwa kila Ijumaa, na Ngome Nyekundu ya Delhi, Lal Qila, inafungwa Jumatatu. Halafu kuna kitu cha Delhi ambacho ukikikosa utajuta: kawali, yaani nyimbo za Kisufi, za Alhamisi jioni kwenye dargah, kaburi la walii Nizamuddin Auliya. Hizo siku tatu ndizo zinazopanga safari. Ukikata tiketi ya ndege kwanza, unaweza kujikuta uko Agra siku ya Ijumaa, na lango limefungwa.

MWANAIDI: Kwa hiyo mgeni afike lini?

BARAKA: Afike Delhi Jumanne. Jumatano na Alhamisi atembee Delhi. Ijumaa asubuhi apande treni kwenda Jaipur, alale huko usiku mbili. Jumapili ashuke kwa gari hadi Agra. Jumatatu alfajiri aingie Taj, jioni arudi Delhi. Namna hiyo Taj ameiepuka Ijumaa yake, na pia ameepuka umati wa Jumamosi na Jumapili, ambao ni mkubwa mno.

MWANAIDI: Watu wengi hufanya kinyume, Agra kwanza kisha Jaipur.

BARAKA: Hufanya, na haina ubaya. Ila mimi naiweka Taj mwisho kwa sababu ya kaburi la Humayun. Tutafika hapo.

MWANAIDI: Basi tumalize karatasi kwanza. Watanzania, Wakenya, Waganda, Wanyarwanda na Warundi wanaruhusiwa kuomba viza ya mtandaoni. Tovuti ya serikali ni indianvisaonline.gov.in. Kuna tovuti nyingi zinazofanana nayo, zinatoza mara kadhaa ya bei halali, na hizo ndizo hutokea juu ukitafuta. Angalia mwisho wa anwani: gov.in.

BARAKA: Na kinachokwamisha maombi mara nyingi ni mafaili. Picha yako iwe JPEG, ya mraba, mandhari meupe nyuma. Ukurasa wa pasipoti uwe PDF isiyozidi kilobaiti 300. Skana ya simu hutoa faili kubwa kuliko hiyo, mfumo unalikataa, na mtu anadhani tovuti imeharibika. Lipunguze kwanza. Pasipoti iwe na miezi sita ya uhai na kurasa mbili tupu. Omba angalau siku nne kabla, lakini mimi ningempa mtu wiki mbili.

MWANAIDI: Na kadi ya homa ya manjano. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo lazima awe nayo, na chanjo iwe imetimiza siku kumi kabla ya kuingia India. Asiyekuwa nayo anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, yaani safari yote imeisha. Mtanzania anayeunganisha ndege Nairobi au Entebbe naye aibebe, asibishane na mtu kaunta.

BARAKA: Kuna jambo la Mumbai pia. Ukiruka moja kwa moja kutoka Dar au Nairobi, mara nyingi utatua Mumbai, kisha ndege ya ndani ya kama saa mbili kwenda Delhi. Uhamiaji unaufanya Mumbai na mizigo unaichukua Mumbai, hata kama lebo ya begi imeandikwa Delhi. Acha saa nne katikati, na hakikisha ndege ya pili inaondokea jengo gani, maana Mumbai ina Terminal 1 na Terminal 2, na haziko jirani.

MWANAIDI: Sasa treni. Hapa ndipo sisi watu wa Kiswahili tunapata shida ya peke yetu, kaka. Tiketi imeandikwa 06:10, sisi tunasema saa kumi na mbili na dakika kumi. Mtu anasoma sita, kichwani anasikia saa sita.

BARAKA: Na hatari zaidi ni ya usiku wa manane. Tiketi ikisema 00:15 tarehe 15, hiyo kwetu ni saa sita na robo ya usiku ule ulioanza jioni ya tarehe 14. Ukienda kituoni jioni ya tarehe 15, treni iliondoka jana. India pia iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Ile nusu saa watu huisahau.

MWANAIDI: Eleza ukataji wenyewe wa tiketi.

BARAKA: Tiketi za kawaida zinafunguliwa siku 60 kabla ya safari. Treni za mchana kati ya miji hii ni za viti. Daraja linaloandikwa CC ni viti vitano kwa safu, vitatu upande huu na viwili ule, vyenye kiyoyozi, linatosha kabisa. EC ni viti vinne kwa safu, bei juu. Ukiona WL mbele ya namba yako, hiyo ni orodha ya kusubiri, hujapata kiti. Tiketi ya mtandaoni ikibaki WL hadi orodha ya abiria inapotoka, inafutwa yenyewe na pesa inarudishwa, na wewe huruhusiwi kupanda. Watu hupanda nayo, wanatozwa faini.

MWANAIDI: Na kama nafasi zimeisha?

BARAKA: Kuna Tatkal, viti vya dharura. Kwa madaraja ya kiyoyozi vinafunguliwa saa nne asubuhi, siku moja kabla ya treni kuondoka, na huisha kwa dakika chache. Njia tulivu zaidi kwa mgeni ni ofisi ya wageni kwenye kituo cha New Delhi, ghorofa ya kwanza, upande wa Paharganj. Nenda na pasipoti. Njiani utakutana na watu watakaokwambia ofisi imehama, au tiketi yako imefutwa, twende huku. Ofisi haijahama. Panda ngazi.

MWANAIDI: Hilo tulirudie: haijahama. Haya, tuko Delhi, Jumatano.

BARAKA: Jumatano ni Delhi ya zamani. Lal Qila asubuhi; kiingilio cha mgeni ni karibu rupia 600, na bei hiyo ndiyo ya Qutb Minar na kaburi la Humayun pia. Watoto chini ya miaka 15 hawalipi. Kisha msikiti wa Jama Masjid, uliojengwa kati ya 1650 na 1656 na Shah Jahan, mfalme yule yule aliyejenga Taj. Viatu mkononi, mabega na magoti yafunikwe, na asiyeswali asiende wakati wa sala. Sakafu ya uani mchana inachoma, vaa soksi. Halafu mtaa wa soko wa Chandni Chowk kwa miguu hadi miguu ikatae.

MWANAIDI: Kwa akina dada, metro ya Delhi imetenga behewa la kwanza, ukifuata uelekeo wa treni, kwa wanawake. Kwenye jukwaa kuna alama sakafuni. Saa za ofisi kubanana ni kubaya, behewa hilo linasaidia sana.

BARAKA: Alhamisi asubuhi, Qutb Minar, mnara wa mita 72.5. Pembeni yake kuna nguzo ya chuma ya zaidi ya miaka 1,600 ambayo kutu haijaila. Alasiri ndiyo ya Humayun. Sasa hapa naomba watu wasiharakishe. Humayun alikuwa babu wa baba yake Shah Jahan. Kaburi lake lilijengwa miaka ya 1560 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1570, na ndani yake unaiona Taj kabla haijazaliwa: kuba juu ya jukwaa, bustani iliyogawanywa mara nne kwa mifereji ya maji, uwiano wa kushoto na kulia. Ila hapa jengo ni la mawe mekundu yenye mistari ya marumaru nyeupe. Siku nne baadaye ukisimama mbele ya Taj, unajua ni nini kilichobadilika katika vizazi vitatu. Ukianza na Taj, Humayun utaiona kama nakala, na utakuwa umeigeuza historia.

MWANAIDI: Ndiyo maana unaiweka mwisho.

BARAKA: Ndiyo. Na kutoka hapo dargah ya Nizamuddin iko jirani. Unaingia kwa vichochoro vya wauza waridi na kofia. Baada ya magharibi kawali zinaanza uani. Amir Khusrau, mshairi, amezikwa hapo hapo karibu na shekhe wake. Wote walifariki 1325. Watakuomba michango kwa daftari lililoandikwa kiasi kikubwa. Toa unachotaka, si lazima ufuate daftari.

MWANAIDI: Ijumaa, Jaipur.

BARAKA: Treni ya Shatabdi inaondoka New Delhi muda mfupi baada ya saa kumi na mbili asubuhi, inafika kabla ya saa tano. Jaipur ulianzishwa 1727 na Sawai Jai Singh wa Pili, aliyependa hesabu na nyota. Rangi yake ya waridi ilipakwa 1876 kumpokea mwana wa mfalme kutoka Uingereza. Ijumaa mchana nenda Jantar Mantar, uwanja wake wa vifaa vya kupimia jua na nyota, na lipia mwongozaji mwenye kitambulisho, vinginevyo utaona kuta na ngazi tu. Kipo kifaa kinaitwa Samrat Yantra, saa ya jua yenye urefu wa mita 27. Simama kwenye ule ukingo wa marumaru uangalie kivuli. Kinatembea kama milimita moja kila sekunde. Weka kidole mpakani, hesabu taratibu, kivuli kinakipita kidole mbele ya macho yako. Unaiona dunia inazunguka.

MWANAIDI: Na usishangae kikitofautiana na saa ya mkononi. Kifaa kinasoma saa ya Jaipur penyewe, saa yako inasoma ya India nzima.

BARAKA: Jumamosi ni ngome ya Amber, kilomita 11 nje ya mji. Fika saa mbili asubuhi inapofunguliwa. Kupanda ni robo saa kwa miguu. Kuna magari ya jeep pia. Tembo waache, njia ni ngumu kwao. Ukiwa njiani kwenda huko, simama kwenye jumba la Hawa Mahal: uso wake unatazama mashariki, kwa hiyo picha ni ya asubuhi. Mchana inakuwa kivuli.

MWANAIDI: Jumapili gari. Kwa nini si treni?

BARAKA: Kwa sababu ya vitu viwili vilivyo njiani. Abhaneri, kisima cha Chand Baori, ghorofa 13 kwenda chini, ngazi kama 3,500. Kisha Fatehpur Sikri, mji wa mfalme Akbar, mwana wa Humayun, ulioanza 1571 na kuachwa baada ya miaka kama kumi na tano. Jumla kama kilomita 240. Toka Jaipur saa moja asubuhi. Mwandikie dereva majina ya vituo vyote na bei moja inayojumlisha mafuta, ushuru wa barabara na kodi ya kuvuka jimbo, maana unatoka Rajasthan kuingia Uttar Pradesh. Ukiacha hayo bila kuandika, yanaibuka Agra kwenye malipo. Na mwambie mapema: hakuna kusimama madukani. Kamisheni ya duka la marumaru inakula saa nzima ya mchana wako.

MWANAIDI: Jumatatu alfajiri. Taj.

BARAKA: Nunua tiketi mtandaoni jana yake. Rupia 1,100, na 200 zaidi kuingia kaburini. Muda unaoruhusiwa kukaa ndani ni wa saa tatu. Lango la mashariki lina ofisi ya tiketi iliyo mbali na lango lenyewe, kwa hiyo panda kigari cha umeme. Foleni ya ukaguzi ni ya wanaume peke yao na wanawake peke yao. Chakula, sigara, kiberiti, stendi ya kamera na begi kubwa havipiti, na kwenda kuvihifadhi kunakuondolea ile dakika ya jua kuchomoza. Beba simu, pasipoti, maji.

MWANAIDI: Ndani utazame nini?

BARAKA: Makaburi mawili. La Mumtaz Mahal liko katikati kabisa, kwenye mstari wa jengo zima. La Shah Jahan limesogezwa pembeni, ni kubwa zaidi, na ndilo linalovunja uwiano wa pale. Alijenga kwa ajili ya mkewe, aliyefariki 1631 akijifungua mtoto wa kumi na nne. Kwake haikupangwa nafasi hiyo. Picha ndani haziruhusiwi, na ni vizuri, watu wanatazama. Kisha Ngome ya Agra, alikofungwa na mwanawe Aurangzeb kuanzia 1658 hadi kufa 1666. Simama kwenye roshani ya Musamman Burj. Taj inaonekana ng'ambo ya kona ya mto.

MWANAIDI: Msimu?

BARAKA: Februari, Machi, au Oktoba. Desemba na Januari ukungu unachelewesha treni kwa saa nyingi, na Taj yenyewe hutaiona alfajiri. Mei na Juni joto linapita nyuzi 40.

MWANAIDI: Mengine madogo. Plagi za Kenya, zile za miguu mitatu bapa, haziingii, beba adapta. Chupa ya maji, kagua kifuniko hakijafunguliwa. Noti ndogo ndogo kwa bajaji, na bei mkubaliane kabla ya kukaa.

BARAKA: Na jioni ya kurudi, treni ya Gatimaan inaondoka kituo cha Agra Cantt 17:50, yaani saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, na inafika 19:30 kituo cha Hazrat Nizamuddin. Si New Delhi, ni kituo kingine, mwambie anayekuja kukupokea. Kesho yake uwanja wa ndege, askari mlangoni hakuruhusu hata kuingia jengoni bila tiketi na pasipoti. Tiketi iwe imechapishwa, au iwe imehifadhiwa ndani ya simu. Mtandao wa bure wa pale unataka namba ya siri ya ujumbe mfupi, na laini yako ya nyumbani huenda isiipokee.